Mtoto mwenye mzio wa chakula: namna ya kumlisha hapa Dodoma bila kumdhoofisha

Mtoto akivimba midomo baada ya kunywa uji, hukosi mtu wa kukwambia "mwachishe." Jirani atasema mwachishe maziwa, shangazi atasema mayai, na muuzaji wa duka la dawa ataongeza karanga na samaki. Mwezi ukiisha mtoto anakula ugali na mlenda tu, vipele vimepungua kidogo, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito umelala. Wa kukwambia uweke nini mahali pa ulichoondoa ndiye haonekani.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliyefika hapo, awe Nkuhungu, Kibaigwa au Mvumi. Msimamo wake ni huu: chakula kisiondolewe kwa kubahatisha, na kikiondolewa kisiondoke bila mbadala. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sahani ya mtoto wetu tayari ni finyu.

Hatua zimepangwa kwa mfuatano, lakini ya dharura nimeitanguliza. Isome hata kama mtoto wako hajawahi kupata zaidi ya mwasho.

Kabla ya yote: siku pumzi inapobana

Mzio (aleji) wa hatari huja haraka, dakika chache baada ya kula na mara nyingi ndani ya saa mbili. Vipele vya kuvimba vinavyowasha, kope kuvimba na kutapika mara moja ni dalili za kumpeleka akaangaliwe. Kinachobadilisha mambo ni pumzi na mzunguko wa damu: sauti ikikwaruza ghafla, akakohoa mfululizo, akatoa mlio anapovuta hewa, ulimi ukavimba, akapauka (angalia ndani ya midomo na viganjani), akalegea au kuzimia. Hapo huulizi mtu, unaondoka.

Mlaze chali, miguu iinuliwe juu ya kanga iliyokunjwa. Kama anahangaika kupumua, mwache akae huku umemshikilia. Akitapika au akizimia, mlaze ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, maana shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla akisimama. Kwa sababu hiyo bodaboda ni chaguo la mwisho; bajaji au gari la jirani ni bora, apakatwe akiwa amelala.

Dawa inayookoa ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja upande wa nje. Mhudumu huipima kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo, na kwa mtoto haizidi miligramu 0.3. Nimekitaja kipimo si ili umchome mwenyewe, bali ujue kwa nini utaulizwa kilo zake mlangoni. Zijue. Piriton na setirizini hupunguza mwasho na vipele, ila koo lililovimba hazilifungui, na kusubiri zifanye kazi ndiko kunakopoteza muda.

Usimpe maziwa. Tumezoea kwamba aliyekula kitu kibaya anyweshwe maziwa yakate sumu, na mtu mwenye nia njema atakuja na kikombe mbio. Kwa mtoto ambaye maziwa yenyewe ndiyo yanayomdhuru, huko ni kumwongezea. Usimtapishe pia, wala usimnyweshe mafuta.

Baada ya sindano mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, akacheka na kuomba soda. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye, kwa hiyo wakisema abaki chini ya uangalizi, abaki.

Fanya mambo mawili wiki hii. Ulizia kituo cha afya kilicho karibu kama kina adrenalini na kama usiku kuna mtu. Kisha hifadhi namba za madereva wawili wanaopokea simu usiku, na mwenye nyumba au jirani awe nazo.

Hatua ya kwanza: jiridhishe kwamba ni mzio

Matatizo mengi ya tumbo na ngozi ya watoto si mzio wa chakula. Minyoo, joto, upele wa kuambukiza, maji machafu: hayo yote huja na mwasho au kuharisha. Kanuni moja inasaidia sana. Mzio humpata mtoto yuleyule, kwa chakula kilekile, kila anapokila. Wakiugua watoto watatu waliokula chungu kimoja, hiyo si mizio mitatu. Hapo waza chakula kilichoharibika, na kwa mikoa yetu waza pia sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliugulisha watu 68 mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Kutapika, tumbo kujaa na macho kuwa ya njano katika familia nzima ni jambo la kuripoti kituoni siku hiyohiyo.

Samaki nao wana hila yao. Samaki aliyekaa juani hutengeneza histamini, na mlaji huwashwa na kuwa mwekundu usoni kama mwenye mzio. Akila samaki aliyevuliwa siku hiyo asidhurike, tatizo lilikuwa la muuzaji.

Halafu kuna maziwa. Mtu mzima au mtoto mkubwa anayejaa gesi na kuharisha baada ya maziwa ya moto yasiyogandishwa, lakini mtindi anaunywa vizuri, tumbo lake halimudu sukari ya maziwa. Inakera, haiui. Mzio ni jambo jingine: mwili unapigana na protini ya maziwa, na protini hiyo imo kwenye mtindi, kwenye jibini, na mabaki yake kwenye samli. Kuyachemsha zaidi si suluhisho.

Wala kuhamia maziwa ya mbuzi si suluhisho. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu ndilo jaribio la kwanza la nyumba nyingi za Ugogoni, ambako mbuzi wapo na nia ni njema. Protini za maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe zinafanana mno, na zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika pia na ya mbuzi.

Kuna aina ya mzio isiyo ya haraka pia. Mtoto hatoki vipele. Anatapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula, analegea, au anatoa choo chenye damu na ute, au pumu ya ngozi haiponi kwa dawa. Hii ndiyo inayopotelea njiani, kwa sababu mtoto mchanga anayetapika na kudhoofika huku kwetu hupewa majina mengine. Ataambiwa ana kimeo akatwe, au ana meno ya plastiki yang'olewe, au amebemendwa na wazazi wake. Kukata kimeo na kung'oa fizi za mtoto mchanga kumewaletea watoto damu kutoka kwa wingi na maambukizi, na chakula kinachomdhuru kinabaki palepale kwenye bakuli. Kama mama mkwe anashikilia, mwambie kwa heshima: "Mama, tumwone daktari kwanza. Kimeo hakikimbii."

Hatua ya pili: daftari na simu

Daktari atakayekusaidia atategemea maelezo yako kuliko kipimo chochote. Chukua daftari la kurasa chache uandike hivi:

*Jumatano. Saa 1:30 asubuhi, uji wa lishe kikombe kimoja, unga wa mfuko mpya. Saa 1:50 anajikuna shingo, vipele vya kuvimba mgongoni. Saa 2:15 ametapika mara moja. Saa 4 vipele vimekwisha. Hana homa. Jana usiku wali maharage, salama.*

Muda ndio muhimu hapo, na kiasi alichokula. Piga picha vipele kwa simu, kwa sababu vitakuwa vimekwisha ukifika kwa daktari, na picha ina saa yake. Pakiti ya biskuti au mfuko wa unga usitupe.

Ukurasa wa nyuma andika vyakula anavyokula bila shida. Watu husahau ukurasa huu, ila ndio utakaomlisha mtoto huko mbele.

Ukitaka kujua pa kuanzia kutilia shaka: maziwa, mayai, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, samaki, kamba na kaa, na ufuta. Mizio mingi mikali ya chakula hutokana na hivi. Ufuta usiupuuze ati ni mbegu ndogo. Marekani waliuingiza kwenye orodha yao ya lazima ya lebo kuanzia mwaka 2023, na huku kwetu unalimwa na kuliwa.

Hatua ya tatu: kumwona mtaalamu, na kujua kipimo kinasema nini

Anza na zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa. Kwa mjini watu wengi huishia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, au Benjamin Mkapa. Kabla ya kulipia kipimo uliza kinapima nini na majibu yatabadilisha nini.

Vipimo vya kawaida ni viwili: cha kuchoma ngozi kwa tone la kitu kinachoshukiwa, na cha damu kinachotafuta kinga za mzio. Vyote viwili vinaweza kuonyesha mtoto "ana mzio" wa chakula anachokila kila siku bila tatizo. Kwa hiyo mtu akikupa karatasi yenye vyakula ishirini vya kuacha, bila kukuuliza hata swali moja juu ya historia ya mtoto, usiifuate hadi daktari wa watoto aisome pamoja na daftari lako. Karatasi za namna hiyo zimedhoofisha watoto kuliko mzio wenyewe.

Kwa dalili zisizo za haraka, daktari anaweza kukwambia uondoe chakula kimoja kwa wiki mbili hadi nne kisha ukirudishe uone. Kurudisha ni nusu ya kipimo; bila hiyo hujajua kitu. Lakini mtoto aliyewahi kuvimba, kulegea au kubanwa pumzi asirudishiwe chakula hicho nyumbani hata chembe. Jaribio lake ni la hospitali, dawa ikiwa karibu.

Mama anayenyonyesha aendelee. Mara chache daktari atamwomba mama mwenyewe aache maziwa au mayai kwa muda, na hapo mama naye anahitaji mbadala. Kumwachisha ziwa mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe ni kumnyima chakula pekee kilicho tayari na salama. Kama hanyonyi na hajafikisha mwaka, yapo maziwa maalumu ya kopo ambayo protini yake imekatwakatwa, ghali kweli. Usiyabadilishe na maji ya mchele wala maziwa ya soya ya kupika nyumbani bila kumwuliza daktari.

Hatua ya nne: vunja uji wa lishe

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo Dodoma inapokosea zaidi.

Unga wa lishe unaouzwa sokoni na unaotengenezwa nyumbani una mahindi, mchele, ulezi, mtama, uwele, ngano, soya, karanga, na wengine huongeza ufuta, dagaa na korosho. Mama anajivunia kwamba ameweka nafaka kumi. Kwa mtoto mwenye mzio, ndani ya kikombe hicho kuna hadi vyakula sita vya orodha ya hapo juu, na akivimba hakuna ajuaye kimemvimbisha kipi. Kwa mtoto asiye na mzio pia hakuna faida ya maana. Mahindi, mchele, mtama na ulezi vyote ni nafaka, kuvichanganya vyote ni kurudia kitu kilekile. Maafisa lishe wamelisema hili miaka mingi: nafaka moja, jamii ya kunde moja, na mafuta kidogo.

Kwa hiyo tengeneza uji wa vitu viwili. Vikombe vitatu vya uwele au mtama, kikombe kimoja cha choroko au kunde. Choroko zioshwe, zikaangwe kidogo bila mafuta hadi zinukie, ndipo zisagwe; hupunguza harufu na tumbo kujaa. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Ukishaiva weka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwenye kikombe, hapo umeongeza kilokalori 40 hivi bila kumjaza tumbo. Mtoto akiumudu wiki nzima, badilisha kitu kimoja tu.

Mashineni ndiko kazi inapoharibikia. Mashine iliyotoka kusaga lishe ya mtu ina karanga na soya kwenye koo lake, na unga wako wa kwanza ndio unaolisafisha. Nenda mapema kabla hapajajaa, uulize.

"Kaka, umetoka kusaga nini hapo?"

"Lishe ya yule dada."

"Basi acha huyu mama apitishe mahindi yake kwanza, nami nifuate. Mtoto wangu karanga zinamdhuru."

Kisha mwombe atenge kilo ya kwanza ya unga wako, uile wewe. Kama mtoto aliwahi kubanwa pumzi kwa karanga, hata hilo halitoshi. Twanga nyumbani, au tafuta mashine isiyosaga lishe kabisa. Na kinu nacho: mti hunywa mafuta ya karanga, na kusuguliwa hakutoi yote. Mtoto awe na kinu chake au kinu cha nyumba kisitwangiwe karanga tena.

Hatua ya tano: kila kilichotoka kilipiwe

*Karanga.* Hii ni kazi kubwa kwetu kuliko pwani, kwa sababu karanga za kutwanga zimo kwenye mlenda, kwenye mchicha, kwenye majani ya kunde makavu, hata kwenye maboga. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta wakaondoka mwaka 1951 na hasara ya mamilioni ya pauni. Wenyeji na jembe la mkono hawajaacha kuzila. Ukikaribishwa mboga uliza kila mara, maana karanga zikishaiva kwenye mlenda huzioni. Karanga zilikuwa zinampa mtoto mafuta na protini. Mafuta yalipwe na alizeti au parachichi, protini ilipwe na mayai, dagaa au maharage. Wengi wenye mzio wa karanga hula maharage na kunde bila shida. Njugu mawe ni ndugu wa kunde kuliko karanga, ila anza na kidogo, mchana, ukiwa karibu naye.

*Maziwa.* Ukiyaondoa umeondoa kalsiamu, protini na mafuta kwa mpigo mmoja. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kalsiamu kama miligramu 500 hadi 700 kwa siku, na ugali hauna. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ndio mbadala wa kwanza. Chagua wakavu wasionuka, ondoa mchanga na vichwa, osha kwa maji ya moto, kausha, kaanga bila mafuta, saga, weka kijiko kwenye mboga yake kila siku. Unga wa ubuyu ni wa pili, na sisi tuna mibuyu kila upande. Ukoroge kwenye uji uliopoa kidogo. Nazungumzia unga wenyewe, si zile mbegu zilizopakwa rangi nyekundu na sukari. Mchicha una kalsiamu nyingi, ila mwili hauinyonyi vizuri, usiutegemee peke yake.

*Mayai.* Afadhali hili kidogo. Nyama, maini, dagaa na maharage yanaziba pengo. Shida ni mayai yaliyojificha: maandazi, keki, chapati za maji, na kikaango cha chipsi mayai kinachokaangia chipsi kavu zinazofuata. Kuku mwenyewe wengi wanamla salama.

*Samaki.* Nyama, mayai na maziwa vitatosha kama vinamkubali. Angalia mafuta ya kukaangia, muuza perege wa Mtera anaweza kukaangia mihogo kwenye karai lilelile. Baadhi ya watoto hubanwa hata na mvuke wa dagaa wanaochemka, basi wapikwe nje yeye akiwa mbali.

*Ngano.* Mtoto mwenye mzio wa ngano amebahatika kuzaliwa huku. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, muhogo na viazi vyote viko wazi kwake.

Siku ya mtoto wa miaka miwili asiyekula maziwa wala karanga inaweza kuwa hivi. Asubuhi uji wa uwele na choroko wenye mafuta na ubuyu. Saa 4 parachichi au ndizi. Mchana ugali, mlenda usio na karanga, na dagaa wa kusaga. Alasiri yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu. Usiku wali na maharage yaliyopondwa, na ziwa la mama kama bado ananyonya. Hakuna cha kuagiza Dar hapo.

Ukiwa umeondoa vyakula viwili au zaidi, mwone afisa lishe wa halmashauri yako, usipange peke yako. Na hata kama ni kimoja, uzito upimwe kila mwezi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe siku hiyo.

Hatua ya sita: nyumba yenye sinia moja

Tunakula pamoja, na mkono uliotoka kwenye mboga ya karanga unarudi kwenye ugali wa wote. Kumtenga mtoto akale peke yake chumbani ni salama lakini kunamuumiza, naye ataanza kula kwa kificho. Aketi hapohapo mkekani na bakuli lake la rangi yake, apakuliwe wa kwanza kabla mikono haijaingia. Siku nyingi iwezekanavyo nyumba nzima ile mboga anayokula yeye. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kula, maana maji matupu na dawa ya kutakasa mikono haviondoi protini ya karanga vizuri.

Bibi wa kijijini ni suala la pekee. Kwake kumnyima mjukuu mtindi ni kumnyima upendo. Usimtumie ujumbe kupitia watoto, nenda mwenyewe, umweleze ukiwa umekaa: "Shikamoo mama. Huyu mjukuu wako maziwa yanambana pumzi, hata mtindi, hata samli. Akija kwako tunaomba umpikie kuku." Bibi akishakabidhiwa jukumu la kupika kitu, analinda kuliko wewe.

Pakiti za dukani nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya kutafuta kwa maziwa ni milk, whey na casein; kwa karanga ni peanut au groundnut; kwa mayai ni egg, kwa ngano ni wheat. Soma kila unaponunua, viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha picha ya nje. Kisichokuwa na maandishi, kama kashata ya mezani, kwa mtoto huyu kihesabu kina karanga.

Hatua ya saba: shule

Peleka barua kwa mwalimu mkuu na nakala kwa mwalimu wa darasa. Iwe fupi: jina la mtoto, vyakula visivyomfaa, dalili zake zinavyoanza, la kufanya, namba mbili za simu, na uzito wake. Bandika picha yake. Kamuone pia mpishi, kwa sababu barua huishia ofisini na uji hupikwa jikoni. Muulize unga wa uji una nini. Kama ni lishe ya mchanganyiko, mtoto aje na chupa yake. Makande ya mahindi na maharage kwa wengi hayana neno, ilimradi hayajaungwa kwa karanga.

Mama anayeuza getini naye umjue. Mnunulie kitu, mwonyeshe mtoto.

Mfundishe mtoto kukataa bila kuonekana hana adabu, kwa sababu mtoto wetu hukubali anachopewa na mkubwa hata kama anajua kitamdhuru. Mpe sentensi aikariri: "Shikamoo. Asante, ila mama amesema nisile chenye karanga, navimba koo." Mfanyie mazoezi nyumbani, baba akijifanya mjomba mwenye mfuko wa karanga.

Wadogo zake, chanjo, na kurudi kupimwa

Mdogo wake akifikisha miezi sita usimcheleweshee karanga na mayai kwa hofu. Utafiti uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2015, uliohusisha watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari, uligundua kuwa walioanza kula karanga mapema walipata mzio wake kwa asilimia 80 hivi chini ya walionyimwa. Zitolewe zikiwa zimesagwa laini ndani ya uji, robo kijiko cha chai kwanza, mchana. Karanga nzima kamwe kabla ya miaka mitano, zinakaba. Kama mdogo huyo ana pumu ya ngozi kali au tayari ana mzio wa mayai, aonwe na daktari kwanza. Na kama kwa kaka yake karanga ni za hatari, panga zitaliwa wapi na nani atanawa.

Mzio wa mayai si sababu ya kuruka chanjo ya surua na rubela, ile ya miezi 9 na miezi 18. Mweleze tu mhudumu. Ya homa ya manjano ndiyo ya kushauriana na daktari kabla.

Mizio haifanani kwa kudumu. Ya maziwa na mayai huisha kwa watoto wengi kadiri wanavyokua, ya karanga huisha kwa takribani mmoja kati ya watano, ya samaki hukaa. Mwenye mzio wa maziwa au mayai arudi kwa daktari mara moja kwa mwaka na daftari lake. Akijaribiwa hospitali akashinda, asile mara moja ya kusherehekea kisha mkaacha. Daktari atakwambia ale kiasi gani kila wiki, kwa sababu chakula kilichorudishwa kinatakiwa kiendelee kuliwa.